Samana: neno la jasho lililosikika kama utulivu

Swali: "Shikamoo, mwalimu. Jirani yangu ana asili ya Sri Lanka, na majuzi alinialika kwenye hekalu la Wabuddha la Upanga, Dar es Salaam. Katika kisomo chao nilidaka maneno mawili tu, 'samanananca dassanam'. Tulipotoka nikauliza samana ni nani. Jirani akasema ni mtawa, mtu aliyetulia, kwani neno lenyewe limetoka kwenye kutulia. Mwanawe anayesoma chuo kikuu akamkatiza: limetoka kwenye kufanya kazi ngumu mpaka mtu achoke. Mgeni mwingine akadai kwamba ndilo lililozaa 'shamani', yule mganga wa Siberia. Nimwamini nani? Na sisi kwa Kiswahili tumwite nani?"

Jibu: Marahaba. Nianze na hukumu, maelezo yafuate. Kwa asili ya neno, kijana ndiye aliyepata (kumkatiza baba yake mbele ya wageni ni shauri jingine). Kwa jinsi Wabuddha wenyewe walivyolisikia neno lao kwa zaidi ya miaka 2,000, aliyepata ni baba. Huyo mgeni wa shamani ameshika kesi ambayo wataalamu hawajaifunga, nami nina upande wangu, nitausema nikifika.

Ulichosikia ni ubeti wa Mangala Sutta, kisomo maarufu sana kwa Wabuddha wa Sri Lanka, Thailand na Myanmar. Ndani yake Buddha anaulizwa baraka kuu ni ipi, naye anataja nyingi mfululizo: kutoandamana na wapumbavu, kuwatunza mama na baba, kuwa na kazi isiyo na vurugu, na kadhalika. Kwenye ubeti wako anasema: "Khantī ca sovacassatā, samaṇānañca dassanaṃ." Yaani subira, na kuonyeka, na kuwaona samana. Kuonyeka ni ile hali ya mtu anayekubali kuonywa, kinyume cha asiyesikia la mkuu. Hatuambiwi hapo tuwape samana kitu wala tuwafanyie jambo. Kuwaona peke yake ni baraka.

Sasa tulifungue neno. Samana ni la Kipali, lugha ya maandiko ya Wabuddha wa madhehebu ya Theravada. Ndugu yake wa Kisanskriti ni shramana, na mzizi ni shram: kujitaabisha, kutoka jasho, kuchoka kwa kazi. Mzizi huo haujafa. Katika Kihindi cha leo "shram" ni kazi ya nguvu, na Wizara ya Kazi ya India hubeba neno hilo katika jina lake la Kihindi. "Ashram" nalo limetoka humo humo. Kwa hiyo ofisa anayeshughulikia madai ya vibarua na mzee anayekesha chini ya mti bila kula wamechota maji kisima kimoja.

Neno lilikuwepo kabla Wabuddha hawajalifanya lao. Brihadaranyaka Upanishad, moja ya Upanishad kongwe kabisa (maandiko ya tafakuri yaliyomo katika Veda, vitabu vitakatifu vya kale vya India), inaeleza hali ya mtu aliyelala usingizi mzito usio na ndoto: huko baba si baba tena, mama si mama, mwizi si mwizi, shramana si shramana, tapasa si tapasa. Tazama alivyopangwa ubavuni mwa tapasa, na tapasa ni mtu anayejichoma kwa joto la mateso anayojitakia mwenyewe. Andiko jingine la Kivedi, Taittiriya Aranyaka, linawaita shramana wale wenye hekima "waliojifunga upepo kiunoni". Ni namna ya heshima ya kusema walikuwa uchi. Hapo utulivu haujatajwa bado. Kuna njaa, kuna kukesha, kuna kusimama juani.

Basi jasho liligeukaje utulivu? Ni kosa la masikio, na ni kosa tamu sana.

Kipali hakipendi konsonanti mbili kubanana mwanzoni mwa neno. Shraddha ya Kisanskriti, yaani imani, Kipali kinaitamka saddha. Shravaka, mwanafunzi anayesikiliza, ni savaka. Shreshthin, mkuu wa wafanyabiashara, ni setthi. Na kwa njia hiyo hiyo ya matamshi likaja jina la ukoo Sheth unaloliona kwenye mabango ya maduka ya Wagujarati. Tena Kisanskriti kina sauti tatu za jamii ya "s", ilhali Kipali kimebaki na moja tu. Kwa sheria hizo mbili shramana haikuwa na pa kwenda ila kuwa samana. Wakati huo huo kulikuwa na mzizi mwingine kabisa, sham, maana yake kutulia, kupoa, kuzimika kama moto. Ndio uliozaa shanti, amani. Nao katika Kipali ukawa sam. Ile "r" ilipodondoka, jasho na utulivu wakajikuta wanaishi chumba kimoja bila kuwa na udugu.

Sisi Waswahili tunalijua jambo hili kuliko tunavyodhani. Fikiria neno saumu. Kuna saumu ya Ramadhani, na kuna kitunguu saumu. La kwanza limetoka kwenye "sawm" ya Kiarabu iandikwayo kwa swad, la pili kwenye "thum" iandikwayo kwa thaa. Kwa Mwarabu ni maneno mawili yasiyojuana. Kwetu, wengi wetu tumezitia sauti zote mbili kwenye "s" moja, na mtoto akiuliza kwa nini kitunguu kinaitwa saumu, mtu mzima hakosi jibu. Nilipokuwa mdogo mzee mmoja wa mtaani kwetu alitueleza kwamba kimeitwa hivyo kwa sababu ukikila wakati wa daku, saumu haikutoi jasho. Tulimwamini kabisa. Maelezo yenyewe si ya kweli, lakini yalinifanya nile kitunguu hicho miaka mingi.

Je, tunajuaje kwamba ni samana iliyopoteza "r", na si neno lililozaliwa na sham tangu mwanzo? Liangalie kwa karibu linavyoandikwa: samaṇa. Chini ya "n" yake kuna nukta. Nukta hiyo inamaanisha ulimi umekunjwa nyuma kugusa paa la kinywa. Katika Kisanskriti, "n" haikunji ulimi bure. Mara nyingi hukunjwa kwa sababu kuna "r" au "ṣ" imetangulia ndani ya neno hilo hilo, na shra-ma-ṇa ina "r" yake. Lakini lile neno linalotokana na sham, śamana, kutuliza, lina "n" ya kawaida isiyo na nukta, maana hakuna "r" ya kuisukuma. Kwa hiyo katika samaṇa mwizi amekimbia, lakini nyayo zake ziko mchangani. Ile "r" iliondoka siku nyingi, nukta ikabaki.

Watu wa zama za Buddha hawakuwa na haja ya nyayo hizo. Walisikia samana, wakasikia na samita, "iliyotulizwa", na mhubiri yeyote mwenye akili angelishika jambo hilo mara moja. Dhammapada, mkusanyo wa beti za mafundisho ya Buddha, katika ubeti wa 265 unasema wazi: anayetuliza maovu, madogo kwa makubwa, yote pia, kwa kuwa maovu yake yametulizwa (samita), ndiye anayeitwa samana. Ubeti unaotangulia umeshamkanya mtu mapema: upara haumfanyi mtu awe samana ikiwa hana nidhamu na anasema uongo. Kisha ubeti wa 388 unacheza mara tatu katika pumzi moja. Brahmana, yaani kuhani wa kurithi, ni aliyeyatupa maovu (bahita), samana ni mwenye mwenendo ulionyooka (sama), pabbajita, yaani aliyeacha nyumba, ni aliyeufukuza uchafu wake (pabbajayam). Mbili za kwanza mtaalamu wa mizizi ya maneno asingezipitisha (ya tatu angalau ina mzizi mmoja), na sidhani kama msemaji alikuwa akiomba zipitishwe. Alikuwa anafundisha watu wasio na vitabu, na neno linaloshikana na neno jingine kwa sauti haliponyoki kichwani.

Kuna hotuba mbili zilizotolewa mji wa Assapura, nchi ya Waanga, zinazolichukua jina hili kwa uzito zaidi. Buddha anawaambia wafuasi wake: watu huwaita ninyi samana, na mkiulizwa mnasema ndiyo, sisi samana; basi jina lenu liwe kweli. Katika hotuba fupi kati ya hizo mbili anawacheka wanaodhani joho ndilo linalomfanya mtu kuwa samana. Kama kuvaa joho kungeondoa tamaa na chuki, anasema, ndugu na jamaa wangemvisha mtoto joho siku ileile anayozaliwa. Mimi hucheka kila ninapofika hapo, kwa sababu nawaona kabisa shangazi na mama wadogo wakigombea nani amfunge.

Mchezo wa maneno una dalili moja nyingine ninayoipenda. Wabuddha wa kaskazini walipoyahamisha mafundisho yao kwenye Kisanskriti, ubeti huo wa utulivu ukaingia kwenye mkusanyo uitwao Udanavarga. Lakini Kisanskriti kilizijua sauti zake: ikabidi waandike "shamita" upande mmoja na "shramana" upande wa pili. Ubeti ukawa unachechemea, kama kitendawili kilichotafsiriwa jibu lake likabaki nyuma. Ndiyo sababu wachunguzi wanasema ulitungwa kwanza katika lugha ya watu, iliyokuwa imekwisha kuipoteza "r".

Lakini usiwaone samana kama watu wa Buddha peke yake. Katika karne ya 5 KK, nchi za bonde la Ganga zilikuwa zimejaa watu walioacha nyumba wakazurura kutafuta ukombozi. Samannaphala Sutta, yaani hotuba ya matunda ya usamana, inamwonyesha Mfalme Ajatasattu wa Magadha usiku wa mbalamwezi akitajiwa na mawaziri wake walimu sita mashuhuri kabla ya Buddha. Mmoja, Makkhali Gosala, alifundisha kwamba juhudi haibadilishi kitu na kila kiumbe kitafika mwisho wake muda ukitimia. Mwingine, Ajita, alisema mtu akifa amekwisha, mpumbavu na mwenye hekima sawasawa. Lakabu yake ilikuwa Kesakambali, mwenye blanketi la nywele za watu, na maandiko ya Kipali yana la kusema juu ya vazi hilo: wakati wa baridi ni baridi, wakati wa joto ni joto, tena baya na linanuka. Nigantha Nataputta naye yumo katika sita hao, na huyu Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya kale ya India, wanamjua kwa jina la Mahavira. Vitabu vyao vya kale humwita "samana bhagavan Mahavira". Ukipita Langoni, Mombasa, ukaliona lile hekalu jeupe la Wajaini, jua kwamba wenyewe wana haki ya neno hili sawa na Wabuddha.

Buddha mwenyewe watu wa nje walimwita "samana Gotama". Inategemea nani anaita. Lilikuwa jina la adabu kwa mgeni usiyekuwa mfuasi wake, na liliweza kugeuka tusi kwa silabi moja. Asubuhi moja mjini Savatthi alikuwa akipita nyumba hadi nyumba na bakuli lake, akakaribia kwa Mbrahmini mmoja aliyekuwa amewasha moto wa kafara. Yule bwana akamwona kwa mbali, akapiga kelele: "Simama hapo hapo, mundaka! Hapo hapo, samanaka! Hapo hapo, vasalaka!" Ile "-ka" ya mwisho ndiyo yenye sumu. Sisi tungetia ki- mbele: kipara, kisamana, kijitu. Buddha hakukasirika, akamuuliza kama anajua mtu duni ni nani hasa, kisha akamsomea sifa zake moja baada ya nyingine.

Tukio jingine ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu asili ya kweli ya neno imejificha humo bila mtu kuitaja. Ni msimu wa kupanda, kijijini Ekanala, Magadha. Mbrahmini aitwaye Kasi Bharadvaja ana majembe 500 ya kukokotwa na ng'ombe yamefungwa tayari, na wafanyakazi wanagawiwa chakula. Buddha anasimama pembeni na bakuli. Mwenye shamba anamwambia: "Mimi, samana, nalima na kupanda, na nikishalima na kupanda ndipo nala. Nawe, samana, lima na upande, kisha ule." Maneno ya mtu aliyeamka alfajiri, na kila mwenye shamba ameyasema kwa mtu fulani. Buddha anajibu: mimi pia nalima. Imani ndiyo mbegu yangu, kujitaabisha ni mvua, hekima ni nira na jembe, haya ni mhimili wake, akili ni kamba, umakini ni ncha ya jembe na fimbo ya kuswagia. Mzee wa majembe 500 anamwita mtu "mchapakazi" bila kujua, halafu anamshutumu kwa uvivu. Huo ni usomaji wangu, Kipali hakiusemi. Lakini jibu la Buddha halina utulivu hata kidogo. Limejaa udongo.

Ndani ya maandiko utaliona neno limefungwa pacha na jingine mara nyingi sana: samana-brahmana. Ni namna ya kusema "watu wote wa dini", wale waliorithi ukuhani kwa damu na wale waliouacha ulimwengu kwa hiari. Je, walipatana? Patanjali, mwanasarufi wa karne ya 2 KK, alipofafanua sheria ya Kisanskriti kuhusu maneno pacha ya vitu vyenye uadui usiokwisha, alitaja shramana na brahmana. Ni sheria ileile inayotumika kwa paka na panya. Mfalme Ashoka, aliyetawala sehemu kubwa ya Bara Hindi katika karne ya 3 KK, alijaribu kuwapatanisha. Katika maandishi yake ya kwenye miamba anawahimiza raia kuwaheshimu brahmana na samana bila kubagua, na watu wa Gosala, Waajivika, aliwachongea mapango kwenye vilima vya Barabar, Bihar. Huko Kandahar, Afghanistan, maandishi yake yalitafsiriwa kwa Kigiriki kwa ajili ya Wagiriki waliokuwa wakiishi pale, na mfasiri alipofika kwenye maneno haya mawili alishindwa, akayaacha yalivyo: "bramenai" na "sramenai". Hapo unaiona ile "r" bado iko hai, kwa sababu lahaja za kaskazini-magharibi hazikuidondosha kama Kipali.

Wagiriki walikuwa wamekwisha kulisikia kabla ya hapo. Megasthenes, balozi wa mfalme wa Kigiriki Seleucus kwenye ikulu ya Chandragupta, babu yake Ashoka, aliandika juu ya makundi mawili ya wenye hekima wa India, Brachmanes na wengine ambao jina lao limetufikia likiwa limeharibiwa na wanakili: Sarmanai kwa mmoja, Garmanes kwa mwingine. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki, naye anamtaja Mhindi mmoja wa zama za Kaisari Augusto aliyejitia motoni mjini Athens, jina lake Zarmanochegas, na wengi hulisoma kama "shramanacharya", mwalimu wa shramana. Kaburini iliandikwa kwamba alitoka Bargosa, yaani Barygaza, Bharuch ya leo kule Gujarat. Nimetaja bandari hiyo kwa makusudi, maana kitabu cha mabaharia cha karne ya 1, Periplus, kinasema merikebu za Barygaza ndizo zilizokuwa zikileta ngano, mchele, samli na mafuta ya ufuta hadi pwani ya Somalia ya leo. Samli ilitufikia jirani zaidi kuliko samana.

Au pengine neno lenyewe lilitufikia, ila kwa mlango wa nyuma. Kama umepata kukaa mbele ya sheikh ukasomeshwa usuli, yaani misingi ya sheria ya Kiislamu, kumbuka mlango wa habari mutawatiri, ile inayosimuliwa na watu wengi kiasi kwamba haiwezekani wakubaliane kusema uongo. Vitabu vinasema habari hiyo huleta yakini, kisha vinaongeza kwamba waliopinga ni Sumaniyya na Barahima. Nani hao? Mwanafunzi hupita juu yao kama anavyopita juu ya shimo la barabarani. Barahima ni Mabrahmini. Sumaniyya ni samana wetu, waliopita Asia ya Kati na Uajemi kabla ya kuingia Kiarabu. Ni pacha wale wale wa Ashoka na Patanjali, safari hii wamekaa upande mmoja wa kesi. Baadhi ya wanazuoni wa Kiarabu walilinasibisha jina hilo na hekalu la Sumanat kule India, nalo ni kitunguu saumu kingine. Imam Ahmad bin Hanbal anasimulia jinsi Sumaniyya walivyombana mwanazuoni Jahm bin Safwan: je, umemwona Mungu wako? Umemsikia? Umemnusa? Jahm, anasema, alikaa siku 40 hajui anamwabudu nani. Na al-Biruni, katika kitabu chake cha karne ya 11 juu ya India, anaandika kwamba Khurasan, Fars, Iraq na Mosul hadi mpaka wa Sham (Syria) zilikuwa zamani za dini hiyo.

Tumfikie sasa mganga wa Siberia. "Shamani" ilitoka kwenye lugha ya Waevenki na ndugu zao wa jamii ya Tungus, ikaingia Kirusi katika karne ya 17. Kasisi Avvakum, aliyepelekwa uhamishoni Siberia, ni mmoja wa walioiandika mapema. Kutoka Kirusi ikaenea Ulaya, na Ulaya ikaitapakaza kwa kila mganga wa kila nchi, wa kwetu wakiwemo. Wanaosema imetoka kwa samana wana njia nzuri ya kuonyesha: kwenye nyaraka za Niya, katika jangwa la bonde la Tarim, neno linaandikwa "ṣamana"; Watokharia na Wasogdia, watu wa kale wa Asia ya Kati, walisema "ṣamane" na "shaman", Wachina "shamen". Kila kituo kiko pale. Lakini daraja la mwisho ndilo linalonitia shaka. Wote hao walikuwa na maana ya mmonaki wa Kibuddha, mtu wa bakuli na upara, na ghafla tunaambiwa Waevenki walilichukua kwa mtu anayepiga ngoma, anayepandisha mizimu na kusafiri nayo. Tena lugha za Tungus zina mzizi wao wenyewe wenye maana ya kujua, na mganga ni "ajuaye", jambo ambalo halihitaji kutoka India. Mimi naegemea huko. Sauti kufanana si ushahidi wa kutosha. Kitunguu saumu kimeshatufundisha.

Wachina nimewataja kwa haraka, nao wanastahili zaidi. Shamen yao ni matamshi tu, lakini walipotaka kueleza maana walitumia alama mbili: "qin", yaani bidii, na "xi", kukoma, kupumzika. Bidii katika kutenda mema, kukoma kwa maovu. Walikuta wafasiri wa India wana maelezo mawili ya neno moja, la jasho na la utulivu, wakayaweka yote mawili bega kwa bega. Jirani yako na mwanawe wangeweza kuamuliwa kwa alama hizo mbili, wakanywa chai.

Tumebakiwa na Kiswahili. Jirani yako alisema mtawa, na ndilo neno ambalo wengi wetu tungelitoa upesi. Lisikilize vizuri lakini. Kutawa ni kukaa ndani. Pwani tulisema mwanamke anatawa, yaani haonekani nje, amejisitiri nyumbani. Wakristo wakalichukua kwa masista na wamonaki wanaojifungia kwenye konventi. Samana ni kinyume chake. Maneno ya Kipali yanayorudiwa kila mara mtu anapoanza maisha hayo ni kwamba ametoka nyumbani kwenda kusiko na nyumba. Ukimwita mtawa umemrudisha ndani na kumfungia mlango. Fakiri lina ladha nzuri, ila hilo nampa bhikkhu, kwani bhikkhu maana yake ni mwombaji. Zahidi liko karibu zaidi, aliyeipa dunia kisogo, ingawa halina jasho. Wenye elimu ya tasawufi wana mujahada, kupambana na nafsi, nalo ndilo linaloufikia mzizi wa shram kuliko yote, lakini "mujahidi" leo lina mzigo wa bunduki ambao samana hakuwahi kuubeba.

Kwa hiyo mimi huandika samana, nikaeleza mara moja, nikaendelea. Na samanera, yule kijana anayeanza, humwita mwanagenzi wa samana. Ninapofasiri ubeti wako ili usomeke wenyewe bila maelezo, huandika hivi: "Subira, na kuonyeka, na kuwaona wenye kujitaabisha, na kuzungumza dini kwa wakati wake: hiyo ndiyo baraka kuu." Jirani akilalamika kwamba utulivu wake nimeuacha, mwambie asubiri ubeti unaofuata. Unaanza na neno tapo, joto la kujitaabisha, na kabla haujaisha unafika kwenye nibbana, kuzimika kwa moto.